Idadi Moja, Vitenzi Viwili

Tazama sentensi hizi mbili za Kiingereza: "The number of students is falling" na "A number of students are absent". Nomino ni ileile na wanafunzi ni walewale. Kilichobadilika mwanzoni ni kibainishi tu. Hata hivyo kitenzi kimoja kiko katika umoja, kingine katika wingi. Aliyekaririshwa kwamba kitenzi hufuata nomino ya kwanza ya kiima hapa atakwama.

Jiulize kitenzi kinamsema nani. Kwenye sentensi ya kwanza kinachopungua ni idadi yenyewe, nayo ni moja. Kwenye ya pili, idadi haiwezi kukosa darasa; waliokosa ni wanafunzi. "A number of" imeacha kuwa nomino yenye uzito wake, inafanya kazi ya "kadhaa". Wanaisimu Huddleston na Pullum, katika sarufi yao ya Kiingereza ya mwaka 2002, wanaziita nomino za aina hii angavu: umoja au wingi wa nomino inayofuata hupenya hadi kwenye kitenzi. Ndiyo maana "a lot of water was wasted", lakini "a lot of books were lost". Nusu nayo ni vivyo hivyo: "half of the land is", "half of the farms are".

Vipimo huenda kinyume. "Ten kilometres is a long way" ina nomino ya wingi na kitenzi cha umoja, kwa kuwa kilomita zote kumi zinahesabiwa kuwa umbali mmoja.

Ila maana haishindi kila mara. "More than one student has failed" inazungumzia wanafunzi wawili au zaidi, na bado kitenzi ni cha umoja, kwa sababu kimevutwa na "one student". Mwanaisimu Quirk na wenzake, katika sarufi yao ya mwaka 1985, walieleza kwamba upatanisho wa Kiingereza huvutwa na mambo matatu: umbo, maana na ukaribu wa maneno.

Msemaji wa Kiswahili si mgeni wa jambo hili. Huandika "asilimia 60 ya wanafunzi wamefaulu", lakini "idadi ya waliofaulu imeongezeka". Swali lilelile, kitenzi kinamsema nani, linatosha kwa sehemu kubwa ya Kiingereza; "more than one" ndiyo ya kukariri.