Namna ya Kuyapima Marashi ya Jebel Akhdar

Huko Oman, katika milima ya Jebel Akhdar, juu ya uwanda wa Sayq ulioinuka mita 2,000 hivi juu ya bahari, ambako matuta ya mashamba yameshikamana na ubavu wa jabali na maji ya falaji, yaani mifereji ya kumwagilia, huteremka tuta baada ya tuta, mawaridi ya Dameski huchanua tangu mwisho wa Machi hadi Mei, na kwa majuma hayo machache vijiji vizima hunukia. Sisi watu wa pwani, tulionyunyiziwa kwa mrashi katika maulidi na harusi, na ambao halua yetu ni jamaa ya halua ya Maskati, yatupasa kuyajua marashi ya mawaridi haya kwa undani, kwani apendaye kitu asichoweza kukipambanua huuziwa jina lake tu.

Kukeneka marashi mlimani ni kazi ya nyumba tangu zamani. Basi mume na mke waliorithi matuta ya wazee wao, wakaazimia kuigeuza kazi hiyo iwe biashara yenye jina lao juu ya chupa, wakikukaribisha katika kibanda chao cha kukenekea, usianze kwa kuuliza bei, bali uliza saa waliyochuma. Waridi huchumwa alfajiri, kabla jua halijalichukulia manukato yake, na lifaalo ni kufika chunguni siku ile ile. Omba ruhusa utie mkono katikati ya rundo la maua: ukikuta ubaridi, kazi imeanza vyema, ukikuta fukuto, maua yamekwisha anza kuchacha, wala hapana ustadi wa moto utakaoyarejeshea yaliyopotea.

Tanuri la kale ni la mawe na udongo, na chungu hukaa juu ya moto. Ndani yake hutiwa maua na maji, huwekwa bakuli la shaba, kisha kinywa hufunikwa kwa chombo cha shaba chenye kitako cha mviringo kilichojazwa maji baridi, na pengo huzibwa mvuke usitoroke. Mvuke hupanda, hugusa kitako kile, hugeuka matone, hudondoka bakulini. Siri yote imo katika mambo mawili, moto wa taratibu na ubaridi wa maji ya juu, na kwa hiyo mwenye kukeneka vizuri hatoki: mmoja akienda kuchota maji, mwenziwe hubaki na moto. Tanuri lililoachwa peke yake katikati ya kazi ni ushahidi tosha wa uzembe.

Lakini mahali ninapouweka ubora hasa ni katika kujua kukoma. Maji ya mwanzo ndiyo yaliyobeba ua. Ya baadaye hupungua nguvu, na ya mwisho kabisa huwa na harufu ya majani yaliyochemshwa. Mtu mwenye deni la vyombo na chupa, naye anaona bakuli bado ladondokewa, hushawishika mno kuacha moto uendelee nusu saa nyingine, kwa sababu nusu saa ile ni chupa kadhaa za kuuza bila ya kununua hata ua moja. Waulize wawili hao, kila mmoja kwa wakati wake, kwa kikapu kimoja cha maua hutoa maji kiasi gani na hukomea wapi. Majibu yakiwiana, na kiasi chenyewe kikiwa kidogo, umewakuta watu waliokwisha kubaliana kupata hasara ndogo kila siku kwa ajili ya kazi yao, na jambo hilo nalihesabu kuwa ni heshima kubwa.

Kuhusu rangi, wengi wamepotea. Marashi ya tanuri la kale huwa na wekundu wa kahawia na harufu ya moshi, na yale ya mitambo ya chuma na gesi hutoka meupe mangavu. Yote mawili yaweza kuwa mazuri. Moshi mwema huja nyuma ya ua na kulishika. Moshi mbaya huja mbele, mkali na mchungu, nao ni alama ya maua yaliyogusa kitako cha chungu yakaungua. Mimi hupendelea marashi ya moshi, lakini simwiti mwongo akenekaye kwa chuma.

Mwongo ni mwingine, wala ughushi si jambo la leo: mwanachuoni al-Kindi, katika karne ya 9, aliandika kitabu cha kemia ya manukato ambamo mna njia za kukeneka pamoja na njia za kuiga manukato ya thamani. Mghushi wa sasa hutia katika maji safi kiini kilichotengenezwa kiwandani, mara nyingi fenethili alkoholi, ambacho kwa asili kimo katika waridi na huyeyuka majini. Kwa kuwa kiini hicho ni cha kweli kwa sehemu, pua ya haraka hudanganyika. Dawa yake ni muda. Tia matone juu ya kitambaa cheupe kilichofuliwa bila ya manukato, unuse, kisha zungumzeni na kunywa kahawa, halafu unuse tena. Marashi ya haki hubadilika: kwanza ubichi wa jani, kisha ua, kisha kitu kama asali na pilipili, ya kughushi hukaa vile vile mpaka yatoweke. Onja tone moja. Uchungu mwepesi ni dalili njema, utamu wa sukari ni wa kutiliwa shaka. Mwisho tikisa chupa, na povu likikawia kutulia, uliza kilichoongezwa.

Marashi mapya yana ukali, na hutakiwa kutulia mwezi au zaidi mahali pa baridi na giza hadi mashapo yashuke. Kwa hiyo omba kuonja ya mwaka jana pia, utazame kama yamehifadhiwa katika kioo, si plastiki. Na ikiwa wenyeji wako wametenga maji ya wiki ya kwanza ya msimu na ya wiki ya mwisho, yanuse mbalimbali kabla hujakubali kuuziwa mchanganyiko wake, na bei ya kila moja uiulize peke yake.