Dawa Inayokataza Kubomoa

Taxol ilipofika mikononi mwa Susan Band Horwitz ilikuwa unga kidogo tu, miligramu 10, kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Asili yake ni gome la mti wa yew wa Pasifiki, na Monroe Wall na Mansukh Wani walishachapisha umbo la molekuli yake mwaka 1971. Ilijulikana kuwa inapambana na saratani. Inapambanaje, hakuna aliyejua. Horwitz, akiwa chuo cha tiba cha Albert Einstein, Bronx, New York, akalishika swali hilo pamoja na mwanafunzi wake, Peter Schiff.

Ninachokistahi mno ni jinsi walivyoyapanga maswali yao. Walitia dawa kidogo sana kwenye seli za saratani za maabara ziitwazo HeLa, zinazoongezeka kwa kasi, nazo zikaacha kabisa kugawanyika. Mwenye pupa angetangaza sumu mpya na kuondoka. Wao wakapima kwanza utengenezaji wa DNA, wa RNA, kisha wa protini. Kwa saa nne, yote hayo yaliendelea bila dosari kubwa. Seli zilikuwa hai na zinachapa kazi, ila zilipofikia kugawanyika zilikwama. Basi wakaigeukia mikrotubuli.

Hizo ni nyuzi zenye uwazi ndani, zilizojengwa kwa protini iitwayo tubulini, na ndizo zinazozivuta kromosomu ili kila seli changa ipate fungu lake. Ni kama jukwaa la mafundi ujenzi: hufungwa, hufunguliwa, hufungwa tena penginepo. Dawa zilizozoeleka, kama kolkisini, huzuia jukwaa lisifungwe.

Wakachukua tubulini ya ubongo wa ndama na kuipasha joto. Nyuzi zinapojijenga, maji yale huwa na ukungu, na ukungu huo hupimika kwa mwanga. Palipotiwa Taxol, ukungu ulitokea mapema, tena kwa tubulini kidogo kuliko kawaida. Kisha wakapoza hadi nyuzi joto 4, baridi ambayo huiyeyusha mikrotubuli. Haikuyeyuka. Wakatia kalsiamu, ambayo nayo huivunja. Haikuvunjika. Dawa hii haikuzuia kujenga; ilikataza kubomoa, na seli isiyoweza kufungua jukwaa lake haiwezi kugawanyika.

Makala yao, pamoja na Jane Fant, ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1979. Iliwapa watafiti sababu ya kuendelea kuhangaika na dawa ngumu kupatikana, hadi ikaidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya ovari. Mwaka 2020, utafiti uliowahusisha wagonjwa wa Kenya na Uganda ulionyesha kuwa paklitaxeli, jina lake la kitabibu, inazishinda tiba nyingine zilizolinganishwa nayo dhidi ya saratani iitwayo sarkoma ya Kaposi kwa watu wenye VVU. Daktari anayeitundika dripu hiyo leo anajua inachokifanya ndani ya seli, kwa sababu kuna watu waliokataa kuridhika na kujua tu kwamba inaua.