Mng'ao wa Baruti ya Brandywine

Chenga ya baruti ya zamani ya kulipulia miamba ni nyeusi tititi na inang'aa kama imepakwa mafuta. Mtu angedhani ni urembo wa kumvutia mnunuzi. Urembo ulikuwemo, lakini kazi yake hasa ilikuwa nyingine.

Twende Delaware, Marekani, kando ya kijito cha Brandywine. Hapo ndipo Mfaransa Éleuthère Irénée du Pont, aliyewahi kufunzwa na mkemia Lavoisier, alipoanzisha kiwanda chake mwaka 1802. Viungo vya baruti havikuwa siri: shura, makaa na kiberiti vilijulikana karne nyingi. Ufundi ulionekana baada ya kuchanganya. Baruti iliyogandamizwa ikawa kama keki ilivunjwavunjwa, ikapitishwa kwenye chekeche moja hadi nyingine. Chenga kubwa, ziunguazo polepole, zilikwenda kwenye mizinga na migodini; ndogo, za kuwaka upesi, zikawa za bunduki. Vumbi lilirudishwa kinuni.

Kisha chenga ziliingizwa kwenye mapipa ya mbao yanayozunguka, zikasuguana zenyewe kwa zenyewe kama kokoto za mtoni mpaka pembe zikaisha. Hilo lina maana kubwa, kwa sababu pembe kali humeguka safarini, na kumeguka ni vumbi jipya ndani ya pipa lililokwisha kuuzwa. Mwisho ikaja grafaiti ya kuzing'arisha, ile nyeusi iliyomo ndani ya kalamu ya risasi. (Kalamu hiyo, licha ya jina, haina risasi hata chembe.)

Aliyeipa grafaiti heshima yake ni mjukuu wa mwanzilishi, Lammot du Pont. Shura nzuri, ya potasiamu, ilitoka zaidi India, iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Ile ya sodiamu, kutoka jangwa la Peru, ilikuwa rahisi kwa bei lakini ina tabia ya chumvi ya mezani wakati wa masika: inavuta unyevu, inashikana, inakuwa bonge. Mwaka 1857 Lammot alipata hataza ya baruti ya shura ya sodiamu iliyopakwa grafaiti. Nisitie chumvi: ngozi hiyo nyembamba haikuzuia unyevu kabisa, na baruti yenyewe haikufaa bunduki. Lakini ilitosha kuifikisha mgodini ikiwa bado inamiminika, na wachimbaji wa makaa ya mawe walichotaka ni mlipuko wa bei nafuu.

Mng'ao, basi, haukumwambia mnunuzi lolote kuhusu ubora wa makaa yaliyomo ndani. Tena grafaiti ikizidi, chenga huchelewa kushika moto.

Hatari haikuondoka kwa kung'arishwa. Vinu vya kusagia vilijengwa kwa kuta tatu nene za mawe, na upande wa kijitoni ukaachwa mwepesi ili mlipuko utokee huko. Wafanyakazi walisema aliyekufa kwa mlipuko "amevuka kijito".

Lammot naye alikufa kwa mlipuko, mwaka 1884, katika kiwanda cha baruti kali huko New Jersey. Haikuwa ile nyeusi aliyoing'arisha. Ilikuwa nitrogliserini, kiungo cha baruti mpya iliyokuwa ikiinyang'anya ile ya zamani kazi ya migodini.