Barua ya Wito Mkononi mwa Aliyepigwa

Onyesho la kazi lililofanywa uani mwa kituo cha akina mama cha kata yetu, hapa Tanga, katika zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, ambalo wengi wenu wasomaji wa safu hii mlilishuhudia tangu mapokezi hata kufungwa kwa jalada, lilikuwa na mengi ya kusifiwa na moja la kulaumiwa. Ila hilo moja ni zito hata limeyalemea mengine yote, na kwa sababu hiyo ndilo nitakalolikalia. Naitamka hukumu mapema, ili asiwepo wa kuingoja: mshauri alikosea, na alikosea kosa la hatari, alipomkabidhi mlalamikaji barua ya wito akampelekee mumewe.

Yaliyo mema yapewe haki yake. Mapokezi yalikuwa ya heshima, chumba cha faragha kilikuwa na mlango unaofungwa, maelezo yaliandikwa kwa maneno ya mama mwenyewe, na rufaa ya kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kuchukua fomu ya PF3, kisha hospitali, ilitolewa bila kuchelewa.

Sasa tuirejee meza ile. Msaidizi wa kisheria aliyeigiza mlalamikaji alikuwa amekwisha kueleza, kwa sauti ya chini iliyotulazimu sote kunyamaza, kwamba amepigwa usiku uliopita, kwamba hiyo si mara ya kwanza, na kwamba mumewe amekwenda kazini asijue kuwa yeye yuko hapo. Neno hilo la mwisho lilikuwa na uzito kuliko yote aliyoyasema, nalo ndilo lililopita bila kusikika. Mshauri alivuta mtoto wa meza, akatoa kitabu cha barua za wito, akatia karatasi ya kaboni, akaandika jina la mume na siku ya Jumanne saa tatu asubuhi, akagonga mhuri, akaichana nakala ya kwanza, akaikunja mara mbili, akasema: "Mama, mpe baba watoto akirudi. Mwambie asikose." Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaifunga katika pindo la kanga yake pamoja na nauli. Jaladani pakaandikwa, "Wito umetumwa." Hadhara ikapiga makofi.

Karatasi ile, kabla ya kumwita mume kokote, inamjulisha mambo matatu kwa mara moja: kwamba mkewe alitoka bila yeye kujua, kwamba siri ya nyumba imefika nje, na kwamba iko ofisi yenye mhuri inayolijua jina lake. Habari hizi, ambazo hata mume mpole angezipokea kwa uchungu, zinafikishwa kwa mtu ambaye jana tu aliuinua mkono wake, na mwenye kuzifikisha si tarishi, wala mjumbe wa nyumba kumi, wala askari, bali ni yule yule aliyeinuliwa mkono huo. Tena zinafikishwa usiku, mlango umekomewa, na mashahidi ni watoto walio mkekani. Kila aliyedumu katika amali hii anajua kwamba hatari humzidia mwanamke pale mume anapotambua kuwa mkewe ameanza kusema, au amekusudia kuondoka. Basi kituo, ambacho muradi wake ni kuipunguza hatari, kiliichukua saa iliyo ya hatari kuliko zote kikampa mlalamikaji aende kuikabili peke yake.

Ubaya ukazidishwa na mpangilio wa fomu. Maswali ya tathmini ya hatari, yale yanayouliza kama mume amewahi kutishia kuua, kama amewahi kumkaba mkewe shingo, kama nyumbani mna silaha, na kama leo yuko ndugu au jirani wa kumpokea, yamewekwa ukurasa wa pili, ilhali wito uko mwisho wa ukurasa wa kwanza. Naye mshauri, aliyefundishwa kuifuata fomu kama ilivyopigwa chapa, alimwuliza mama habari za panga wakati barua imo tayari pindoni. Mama akajibu kwamba hana pengine pa kulala. Jibu hilo peke yake lilitosha kuirudisha barua mezani papo hapo, na haikurudishwa.

Watakuwapo wa kusema kwamba hii ni huruma, na kazi ya kituo ni sheria. Hata kwa mizani ya sheria tupu, kosa ni lile lile. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mtu kupeleka mahakamani ombi la talaka kabla shauri halijapita katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Baraza likathibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Lakini kifungu hicho hicho kinataja hali zinazoliondoa sharti hilo, na mojawapo ni ya mwenzi aliyeitwa mbele ya Baraza akakataa kwa makusudi kuhudhuria. Naam, wito wa kituo si wito wa Baraza. Lakini mkono uliozoea kuandika "umetumwa" bila ya ushahidi hauwezi kumfundisha mama namna ya kuutunza ushahidi atakapofika Barazani. Maana ili ijulikane kuwa mtu amekataa kwa makusudi, hapana budi kwanza ijulikane kuwa ameitwa. Na nani atakayeapa kwamba barua ilimfikia, ikiwa mchukuzi ni mlalamikaji mwenyewe, na mpokeaji ameichana akaitia jikoni? Sahihi katika daftari la kupokelea barua ni shahada. Sahihi ya mjumbe aliyemwona mtu akikataa kupokea ni shahada pia. Maneno mawili ya mshauri jaladani hayamshuhudilii mtu yeyote.

Wasomaji wa zamani wanajua kwamba mashaka yangu juu ya vituo vyetu hayakuanza na barua hii. Nimekwisha kuandika juu ya kibao kikubwa kilichoelekezwa kituo cha daladala, chenye maneno yanayomtangaza kila mama aingiaye kuwa ameonewa nyumbani. Kibao kipo hata leo. Nimekwisha kuandika juu ya fulana na mabango ya kila maadhimisho, ambayo fedha zake zingetosha kumlipia tarishi nauli. Na katika onyesho hili, kila mshauri alikuwa na fulana mpya, kisha tukaambiwa na msemaji wao kwamba wito hubebwa na mama kwa kuwa kituo hakina fungu la kuupeleka. Nimeandika zaidi ya yote juu ya tabia ya kuifanya suluhu kuwa dawa ya kwanza ya kila maradhi. Suluhu ina mahali pake: matumizi ya nyumbani, malezi ya watoto, ugomvi wa wakwe, haya yanastahili kukalishwa mkekani. Kipigo hakimo katika hesabu hiyo. Kifungu cha 66 cha Sheria hiyo hiyo ya Ndoa kilikwisha kutamka, ijapokuwa iko desturi inayosema kinyume, kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kumpiga. Na jambo ambalo sheria imelikataa halipelekwi kwenye usuluhishi kana kwamba pande mbili zimedhulumiana sawasawa.

Waliotutangulia walikuwa na karatasi chache kuliko sisi, lakini utaratibu wao ulikuwa na hekima kubwa zaidi. Katika desturi ya pwani, mke aliyeteswa alirudi kwao kwanza, akapokewa na wazee wake, na mume ndiye aliyetakiwa kufunga safari pamoja na wazee wake kwenda kujieleza. Habari ilimfikia mume wakati mke amekwisha kuwa mahali pa amani, na iliyomfikishia ilikuwa midomo ya watu wazima ambao hangeweza kuwainulia mkono. Somo aliyemfunda mwari hakumwachia mwanawe kuubeba ujumbe, aliubeba mwenyewe. Sisemi kwamba desturi ile haikuwa na dhulma ndani yake, kwa kuwa wako wengi waliorudishwa kwa waume wabaya. Nasema kwamba ilijua nani hapaswi kuwa mchukuzi.

Bibi Titi Mohamed naye, alipowakusanya wanawake wa Dar es Salaam kwa ajili ya TANU mwaka 1955, alipitia kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, lelemama ikiwa mojawapo, hata aliyeitikia mwito akawa ameitikia pamoja na wenziwe. Na Bi Hawa Mohamed, ambaye shauri lake dhidi ya Ally Sefu lilipanda kutoka mahakama ya chini hata Mahakama ya Rufani, ambako mwaka 1983 Jaji Mkuu Nyalali alitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ametuachia funzo jingine: shauri la mwanamke mmoja laweza kufika juu kuliko yote likawafaa wengine wasiohesabika, ilimradi kila hatua yake iwe na maandishi yanayosimama. Nikiyapima majalada ya siku hizi kwa kipimo hicho, sioni lenye kauli ya "Wito umetumwa" likifika mbali.

Rai yangu kwa kamati ya kituo si ngumu wala si ya gharama. Ukurasa wa tathmini ya hatari uwe wa kwanza, na wito usiandikwe kabla haujajazwa. Mama aulizwe kama anataka mumewe aitwe, na lini, na idhini yake iandikwe; asipotaka, asiitwe. Akitaka, barua ichukuliwe na mjumbe au tarishi wa ofisi ya mtaa, kwa daftari lenye sahihi, baada ya kujulikana mama na watoto watalala wapi usiku huo. Penye jeraha, wito wa suluhu usiandikwe kabisa. Jalada liende Dawatini na kwa afisa ustawi wa jamii. Wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yao inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wana uwezo wote wa kuyatekeleza haya.

Na ninyi wasomaji mliopiga makofi uani pale, mkiwa na dada au binti anayekwenda kutafuta msaada, mwambieni mapema kwamba ana haki ya kuikataa barua hiyo. Kamati nayo iufute mstari wa mwongozo wa kituo unaoruhusu mlalamikaji kuubeba wito wake, na iufute kabla ya jalada jingine kufunguliwa.