Mbichi kwa Moto, Mbivu kwa Nyuki

Ukimwomba mfuga nyuki wa Sikonge, mkoani Tabora, asali mbichi, atakutazama mara mbili. Kwake yeye, asali mbichi ni ile ambayo haijaiva, yenye maji mengi, itakayochacha ndani ya wiki chache. Mchuuzi wa Dar es Salaam naye akiandika "asali mbichi" kwenye lebo, anakusudia kwamba haijapitishwa motoni. Neno ni lilelile, ila huku ni kasoro na kule ni sifa. Ndoo niliyorudi nayo Julai kutoka shambani kwa mjomba wangu ilikuwa mbichi kwa moto na mbivu kwa nyuki, na kwa kuwa nilisimama pembeni tangu mzinga ulipofunguliwa, naweza kueleza kilichofanyika hadi ikawa hivyo.

Shamba lenyewe ni dogo. Kuna mahindi, karanga, mihogo kidogo, na nyuma yake msitu wa miombo ambako ametundika mizinga 12. Miombo ya Tabora hutoa asali kwa misimu miwili. Kabla ya mvua, mtundu huvaa majani mapya mekundu na kuchanua, na asali yake hurinwa kwenye Novemba na Desemba. Mvua zikielekea ukingoni huchanua muba, na hapo ndipo mizinga hujaa kwelikweli. Urinaji mkubwa huangukia Juni na Julai. Wengi husema misimu hii inatofautiana kwa maua tu. Mimi naona unyevu wa hewa nao una uzito uleule. Asali hunyonya unyevu wa hewani kama chumvi ya mawe. Julai Tabora ni kukavu, midomo hupasuka, na ndoo ikisahaulika bila mfuniko haidhuriki sana. Desemba mvua imeshashuka, na kosa hilohilo linaweza kuiharibu ndoo.

Nililipia somo hilo mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita nilinunua sokoni chupa mbili za asali ya Desemba. Baada ya mwezi kifuniko cha chupa moja kilivimba, na nilipokifungua povu lilimwagika hadi mezani, likinuka kama wanzuki, pombe ya asali. Haikuwa imechanganywa na kitu. Iliharakishwa tu.

Mbochi, yaani maji matamu ya maua, huingia mzingani ikiwa na maji ambayo mara nyingi huzidi nusu. Nyuki vibarua huipokezana mdomo kwa mdomo, wakiitandaza kwenye ulimi iwe utando mwembamba, huku vimeng'enya vyao vikiivunja sukari ya maua kuwa glukosi na fruktosi. Kisha huiweka kwenye vijumba vya sega na kupepea kwa mbawa usiku na mchana hadi maji yapungue yafike chini ya asilimia 20. Ikifika hapo, huziba kila kijumba kwa kifuniko chembamba cha nta. Kifuniko hicho ndicho muhuri wao. Kazi yote ya kuiivisha asali wameshaimaliza, na binadamu hana cha kuongeza ila kujua lini aje.

Tuliingia msituni saa moja na nusu usiku. Nyuki wetu wa nyika ni wakali, lakini gizani hawaruki ovyo, hutambaa tu. Tochi ilifunikwa kitambaa chekundu, kwa sababu nyuki haoni rangi nyekundu. Bomba la moshi lilijazwa mavi makavu ya ng'ombe, ambayo huungua polepole na kutoa moshi wa baridi. Mjomba alipuliza mara tatu mlangoni, akasubiri. Moshi huficha harufu ya hatari ambayo nyuki hupeana wanapotaka kushambulia, na huwafanya wakimbilie kushiba asali, nao wakishiba hupoa. Nilipotaka kusogeza bomba karibu na masega alinizuia mkono. "Moshi ni wa nyuki, mwanangu, si wa asali." Sega hushika harufu ya moshi upesi, na harufu hiyo haitoki tena.

Mizinga yake mingi ni ya sanduku, yenye vijiti juu ambavyo nyuki huning'inizia masega. Bado anayo miwili ya magome aliyorithi, ila hatengenezi mingine, kwa sababu kuuchuna mti gome lake zima ni kuuua. Aligonga vijiti kimoja kimoja kwa mpini wa kisu. Kitupu hulia wazi, chenye sega hujibu kwa sauti nzito. Akaanzia upande ulio mbali na mlango, kwa kuwa karibu na mlango ndiko nyuki hulea majana. Sega la kwanza lilitoka jeupe, limezibwa juu hadi chini. La pili vivyo hivyo. La nne lilikuwa zito, limejaa, lakini nusu yake ilikuwa wazi inang'aa. Akalirudisha.

"Mjomba, mbona hilo limejaa?"

Alilitoa tena, akalishika chini ya tochi, akalitikisa kidogo. Matone mawili yakadondoka kwenye glavu yangu. "Hiyo bado mbochi. Tuwaachie wenyewe wamalizie."

Kipimo chake ni hicho: robo tatu ya sega iwe imezibwa, na iliyo wazi isidondoke ikitikiswa. Kikundi chao cha wafuga nyuki kimechanga pesa kikanunua refraktomita, kile kidarubini cha mkononi unachoweka tone la asali kwenye kioo chake na kukielekeza kwenye mwanga. Asubuhi tulipima. Tone la sega lililozibwa lilisoma asilimia 17.6. Tone tulilokwangua kwenye glavu yangu lilisoma 23. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka asali nyingi isizidi 20. Hamira za asili zimo katika karibu kila asali isiyopikwa. Sukari ikiwa imekolea hulala tu, maji yakizidi huamka na kuanza kuchachua. Kwa hiyo yale masega aliyoyarudisha, ambayo mvunaji mwenye haraka angeyakata yote, yalitosha kuiponza ndoo nzima. Na bado aliacha masega manne yaliyojaa, chakula cha nyuki wakati wa ukame, maana kundi lenye njaa huhama.

Kuchuja ndiko kulikonifurahisha zaidi, kwa sababu hakuna nguvu ndani yake. Vipande vyenye majana vilitengwa, vyenye chavua nyingi pia. Majana yakikamuliwa pamoja na asali huleta maji na uchachu. Masega safi yalikatwakatwa juu ya chujio la chuma kisichoshika kutu, likawekwa juu ya ndoo ya plastiki ya chakula, vyote vikafungiwa chumbani. Hakutumia debe la bati, kwa kuwa asali ina asidi na hula bati. Jua la mchana lilipasha mabati ya paa na asali ikashuka yenyewe, uzi mmoja mrefu usiokatika. Siku ya pili machicha yalikamuliwa kwa mkono, na asali yake ikaenda kwenye ndoo nyingine ya nyumbani. Maji ya kusuuzia yalichukuliwa na majirani kwa ajili ya wanzuki, na nta ikayeyushwa peke yake. Ndoo kubwa ilifunikwa ikatulia siku tatu, povu na vijipande vya nta vikapanda juu vikaenguliwa.

Sufuria haikuingia popote, na hapa nasimama na mjomba bila kusita. Moto huirahisishia asali kupita upesi kwenye kitambaa na huichelewesha kuganda, ndiyo maana wauzaji wengi huupenda. Lakini harufu ya maua ndiyo hutangulia kuondoka. Kimeng'enya kinachochangia uwezo wa asali kupambana na vijidudu huharibika. Na hujikusanya dutu ambayo maabara huipima kwa jina la HMF: Codex inaruhusu miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali ya nchi za joto, kwa kutambua kwamba kwetu hata kabati lenye joto huipika polepole. Chupa inayokaa dirishani juani inapikwa, hata kama lebo yake inasema haijaguswa na moto.

Nimeona watu wakiijaribu asali kwa kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha, au kudondosha tone kwenye mchanga. Majaribio hayo yote yanapima uzito na ukavu tu. Shira nzito ya sukari inayafaulu bila shida. Kinachowapotosha wanunuzi zaidi ni kuganda. Mimi naishi Iringa, na kwa baridi ya huku asali yangu ilianza kuwa na chembe mwezi wa Agosti. Jirani akaiona akanihurumia: "Dada, wamekuuzia sukari." Nikamweleza kwamba ni glukosi inayojitenga, na kwamba ubaridi wa nyuzi 14 hivi ndio huiharakisha kuliko wote. Ukitaka irudi kuwa majimaji, iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia, yasizidi nyuzi 40, na uwe na subira.

Mimi siirudishi. Ikiwa hivyo, inapakika vizuri kwenye kiazi kitamu cha moto, inalegea pembeni na kubaki na chembe katikati. Kwenye uji naitia baada ya kupoa kidogo, ili niipate harufu yake. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja simpi hata ncha ya kijiko, kwa sababu asali inaweza kubeba mbegu za vijidudu vya sumu ambazo tumbo lake haliwezi kuzihimili.

Kipande cha sega nilichokihifadhi kando nilikimaliza kwa kukitafuna kibarazani, mpaka mdomoni kikabaki kidonge cha nta kisicho na ladha. Wiki iliyopita mjomba alipiga simu. Mtundu umeanza kuvaa majani mekundu, na mifuniko mipya ya ndoo, ile inayobana, ameshainunua.