Kabla ya Kushuka Kisiwani

Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, Nairobi, kando ya Ngong Road, na hapo hurushwa maputo ya kupima upepo wa juu. Anayepanga kupima mionzi ya visiwa vilivyolipuliwa mabomu ya nyuklia huanza na rekodi za upepo za aina hiyo, maana upepo ndio uliogawa majivu. Tarehe 1 Machi 1954 bomu la nyuklia la Bravo lililipuliwa Bikini, katika Visiwa vya Marshall, na majivu yakawaangukia watu wa Rongelap, zaidi ya kilomita 100 mashariki.

Mpango wa upimaji ninaoustaajabia ni wa Enewetak, katika Visiwa hivyohivyo vya Marshall, 1972. Wamarekani walikuwa wamelipua pale mabomu 43, na wenyeji waliohamishwa 1947 walitaka kurudi kwao. Helikopta zilipita mistari sambamba juu ya minazi zikisoma mionzi. Chini, mahali pa kuchimba palikuwa pamechaguliwa mapema: pengi zaidi palipotarajiwa uchafu, pachache palipodhaniwa safi. Tena mashimo hayakuishia juu. Udongo ulitwaliwa tabaka kwa tabaka, kwa sababu tingatinga zilikuwa zimeufukua na kuufukia kwa miaka mingi, na anayekwangua juu tu angeweza kukipa kisiwa cheti kisichokistahili. Katikati ya kazi kikaja kimbunga Olga. Ratiba isiyo na siku za akiba ingekufa hapo.

Lakini ufundi wenyewe, kwa macho yangu, uko kwenye orodha ya chakula: nazi, samaki, kaa wa minazi, ndege, maji ya visima. Nani atalala kisiwa gani, atalima kipi, atakula nini? Udongo wa matumbawe una potasiamu kidogo mno, basi mnazi hufyonza sesiamu-137 badala yake na kuipandisha mpaka kwenye dafu. Nusu ya sesiamu hiyo bado ipo baada ya miaka 30. Bikini hilo lilieleweka kwa kuchelewa: watu walikwisha kurudi, wakaondolewa tena 1978.

Kwetu kuna Mrima, Kwale. Hapakulipuliwa bomu, mionzi ni ya asili, ya thoriamu iliyomo mlimani. Maswali hayabadiliki, ila mtu aulize pia udongo wa kukandikia nyumba ulichimbwa wapi. Na kwa kuwa Mrima ni kaya, yaani msitu mtakatifu, kabla ya kamba ya kwanza kuvutwa msituni wazee waombwe ruhusa, na siku za kuwasubiri ziandikwe kwenye ratiba.