Zambarau ya Messier 74

Galaksi ya Messier 74, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 32, ina sura tatu zinazojulikana. Katika picha ya darubini ya Hubble ya mwaka 2007, mikono yake ni ya buluu yenye madoa ya waridi. Katika picha aliyoitengeneza mwanafalaki Gabriel Brammer mwezi Julai 2022, kutokana na data mpya za darubini ya James Webb, galaksi ileile imegeuka zambarau, kama kimbunga kinachozama shimoni. Mwezi uliofuata Shirika la Anga za Juu la Ulaya lilitoa yake, na katika mstari wa shukrani pana jina la J. Schmidt. Huyu ni Judy Schmidt, Mmarekani asiye mwanafalaki kwa taaluma, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akichota data hizi kwenye hifadhi ya wazi na kuzigeuza picha.

Kila nilipozionyesha picha hizi kwenye simu pale Base Camp, Nakivale, swali lilikuwa moja: sasa ipi ndiyo rangi yake? Wapo wanaojibu haraka kwamba rangi za Webb ni za kubandika tu. Jibu hilo naliona la uvivu.

Hifadhi haitunzi picha za rangi. Inatunza mafaili ya nyeusi na nyeupe, kila moja likiwa limepigwa kupitia kichujio chake. Vichujio alivyotumia Brammer hupokea mawimbi ya mikromita 7.7, 10 na 11.3, ambayo jicho haliyaoni kabisa. Mchakataji hulipa faili la mawimbi mafupi buluu, la kati kijani, la marefu nyekundu. Hiyo ni kazi ya mkalimani, na sisi wa Nakivale hatuhitaji kufundishwa ukalimani. Mtu anasimulia yaliyomkuta kwa Kinyabwisha au Kisomali, afisa anaandika kwa Kiingereza, na katikati amekaa mmoja ambaye neno lake linaweza kugeuza kesi nzima. Hatusemi Kiingereza kile ni uongo kwa kuwa msimuliaji hakukitamka. Tunauliza kama mpangilio umehifadhiwa, na kama kuna kilichoongezwa au kuachwa.

Kwa kipimo hicho zambarau ya Brammer inapita. Molekuli za kaboni zilizo katika vumbi la galaksi, jamaa wa zile zilizomo kwenye masizi ya sufuria zetu, hung'aa sana karibu na 7.7 na 11.3, na kidogo kwenye 10. Basi buluu na nyekundu zikazidi, kijani kikapungua, jicho likaona zambarau. Rangi inatuambia masizi yako wapi.

Hata hivyo, kati ya mbili za Webb naipenda zaidi ile ya Agosti. Ya Brammer inamvuta mtazamaji atumbukie katikati; ya Agosti inamwacha afuate nyuzi za vumbi moja moja hadi kwenye kishada cha nyota kilicho kitovuni, kinachoonekana wazi kwa sababu gesi hapo ni haba.

Lawama yangu ni kwa wachakataji wengi wanaowafuata. Nyota kali huacha tundu jeusi kwenye faili, nao hulijaza kwa mkono. Si neno, mradi waseme. Kibaya zaidi ni kukoza weusi wa nyuma ili picha ipendeze. Mikono hafifu ya pembezoni hufutika, na mkalimani anayeacha maneno yaliyosemwa kwa sauti ndogo tunamjua.

Hifadhi yenyewe, iliyoko Baltimore, haimuulizi mtu uraia wala kadi anapopakua data za wazi, na programu ya GIMP ni ya bure. Bando si la bure. Faili moja la Webb laweza kufika mamia ya megabaiti, kwa hiyo wengine wetu hulingoja hadi siku ya kwenda Mbarara. Vijana wawili wa Juru wameanza na mafaili madogo ya Hubble. Picha yao ya kwanza ina chenga nyingi, lakini chini yake wameandika vichujio vyote vitatu, na rangi waliyokipa kila kimoja, kwa Kiswahili.